Wimbo wa Arobaini na Nne

Wema huoza. Waliosema hauozi hawakuwahi kufanya kazi na samaki. Mimi nimeifanya miaka minne, na ninawaambia: samaki ukimweka kwenye barafu atakungoja, lakini wema haungoji. Uache mezani siku mbili tu, utaanza kunuka, na wa kwanza kuziba pua atakuwa yule yule uliyemtendea.

Naitwa Nokuthula. Jina alinipa baba, Thabo, aliyekimbilia Tanzania enzi za makaburu akiwa kijana, akarudi Johannesburg na mke wa Kimorogoro aitwaye Hedwiga. Kwa Kizulu maana yake ni mwenye utulivu. Baba alikufa kabla hajaliona vizuri kosa lake. Mama alinipeleka kwa bibi Morogoro nikiwa na miaka mitatu, nikakaa huko hadi darasa la saba, kwa hiyo Kiswahili changu sikukiokota kwenye foleni ya spaza, viduka vya uchochoroni. Watoto wengi wa Bellevue, mtaa wetu wa Johannesburg, husemeshwa na mama zao kwa Kiswahili, wakajibu kwa Kiingereza. Mimi humjibu mtu kwa lugha aliyoniulizia, na humjibu mpaka ajute kuuliza.

Watu hucheka nikiwaambia ninakofanya kazi. Johannesburg haina bahari. Haina hata mto wa kumzamisha mbuzi. Lakini Braamfontein, ghorofa moja chini ya ardhi, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa, kuna maabara ya mpango wa taifa wa utafiti wa viumbe wa Bahari ya Kusini, ile inayozunguka bara la barafu. Kila kiangazi meli hutoka Cape Town, hukata mawimbi mpaka kwenye barafu, hurudi na masanduku. Samaki wenyewe hubaki pwani. Sisi huletewa mawe ya masikio yao.

Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe viwili, kimoja kila upande, vinavyomsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Vinakua pamoja naye. Kila mwaka huongeza pete moja, kama mti. Ukikikata kijiwe katikati, ukakisugua mpaka kiwe chembamba kuliko ukucha, ukakibandika kwenye kipande cha kioo na kukiweka chini ya hadubini, unaweza kuhesabu pete na kujua samaki aliishi miaka mingapi. Samaki wetu ni dubwana moja la kina kirefu, lenye mdomo mpana, linalofika urefu wa mtu na kuishi hata miaka hamsini. Jina lake la kitaalamu ni refu kama treni ya makaa. Pale maabara tulimwita Meno. Nchi zinazomvua hugawana mgawo, na mgawo hutegemea umri. Ukisema Meno anakua haraka, kumbe anakua polepole, mtamvua mpaka aishe.

Kwa sababu hiyo kila kijiwe husomwa na watu wawili. Wasomaji hukaa wamepeana migongo, na ni mwiko kutamka hesabu. Wawili ambao hawakusikilizana wakipata jibu moja, jibu hilo huaminiwa. Hapo ndipo sayansi yetu ilipojengwa, juu ya migongo miwili isiyogeuka.

Mgongo mmoja ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa Falonne.

Falonne alizaliwa Butembo, akaletwa huku na mama yake, Mama Masika, akiwa na miaka kumi. Tulisoma diploma ya maabara benchi moja, tukaajiriwa wiki moja, na tukapanga nyumba moja Bellevue, ile iliyokatwakatwa vyumba mpaka jiko likawa chumba cha mtu. Mimi na mama mbele, wao wawili nyuma, bomba moja uani. Mama Masika husuka nywele mtaa wa Rockey. Falonne aliimba kwenye kwaya ya kanisa lao la Wakongo, jengo lililokuwa zamani duka la magodoro. Alipendwa na kila mtu, hata na mlinzi wa maabara ambaye hampendi mkewe. Alicheka kama mtu anayelipwa kwa kila jino.

Baba alipokufa, Falonne aliosha masufuria yetu siku tatu bila kuambiwa, na kwaya yake ikaja makaburini ikaimba wimbo wa arobaini na nne wa kitabu chao. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Nyimbo zao sizijui. Huo naujua. Nalisema hili mapema, asije mtu akadai nimelificha.

Mwaka uliofuata macho yake yakaanza kumsaliti. Daktari alimwambia kioo cha jicho kinachongoka mbele badala ya kubaki mviringo, na kwamba mstari mmoja atauona miwili, siku mbaya mitatu. Kwa muuza vitunguu huo ni usumbufu. Kwa msomaji wa pete ni kaburi. Upasuaji ulikuwapo, lakini bima ya matibabu hupewa wenye ajira ya kudumu, na sisi wawili tulikuwa watu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Falonne alikuja chumbani kwangu Jumamosi mchana, akakaa kwenye kitanda changu na viatu vyake.

"Noku," akasema, "miye sioni tena. Pete moja inakuwa tatu. Bakijua, banafukuza miye."

Nilimwambia ashushe viatu kitandani kwanza. Halafu nikamwambia nitamsomea.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa kwanza. Nikimaliza kioo, nilimpitishia juu ya bega bila kugeuka, kama sheria inavyotaka. Na nilipokuwa nikimpitishia, nilimuuliza kwa Kiswahili kuhusu kwaya. Jumapili mtaimba ule wa kumi na saba? Naye alijibu kwamba ndiyo, ule wa kumi na saba ni mzuri, akaandika kumi na saba. Wa ishirini na sita unawashinda sauti ya tatu, sivyo? Akaandika ishirini na sita. Mkuu wetu, Dokta Brightness Mabaso, alipita nyuma yetu mara mia na kahawa yake. Kizulu chake kilimwezesha kushika "tatu" na "nne", maana kina jamaa za maneno hayo, lakini tulikuwa tunazungumza habari za Mungu, na katika mji huu hakuna anayemshuku Mkongo akizungumza habari za Mungu. Aliwahi kuniambia anafurahi kuona imani ikinilainisha.

Miaka miwili. Vijiwe elfu nne mia moja na kumi na viwili. Kwenye jedwali la taifa palikuwa na safu mbili za hesabu zinazofanana karibu kote, na wageni kutoka Cape Town walizionyesha kwenye mikutano kama mfano wa wasomaji wanaopatana. Kumbe lilikuwa jicho moja limeandikwa mara mbili.

Mnaniuliza kama sikujua kuwa ni kosa. Nilijua. Lakini hesabu zilikuwa sahihi, kwa kuwa zilikuwa zangu, na mimi sikosei pete. Ndivyo nilivyofikiri, na sehemu ya pili bado naifikiri.

Sasa nije kwenye kitanda.

Kila mwaka maabara ya Johannesburg hupewa kitanda kimoja melini kwa ajili ya fundi mmoja. Kimoja. Miezi mitatu, mpaka kwenye barafu na kurudi, kutoa vijiwe kwenye vichwa vya samaki walio bado baridi. Anayekwenda akirudi salama hupewa ajira ya kudumu. Haijaandikwa popote, ila haijawahi kukosea. Mimi niliomba mwaka wa kwanza, nikaambiwa mchanga. Niliomba mwaka wa pili, kikaenda kwa mtu aliyetoka kuoa akataka kupumzika. Wa tatu ulikuwa wangu. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu majira ya baridi elfu sitini ya bahari nisiyoijua hata kwa harufu. Nilitaka kuiona miezi yake mitatu tu. Sijawahi kutaka kitu kingine kwa namna hiyo, wala mwanamume wala nyumba.

Kilipewa Falonne.

Dokta Brightness aliniita ofisini kunieleza. Ni mwanamke wa sauti ndogo na viatu vya raba, anayekuachisha kazi kwa sauti ile ile anayokutakia heri ya siku ya kuzaliwa. Alisema usomaji wetu uko sawa kabisa, pete kwa pete, kwa hiyo hakuwa na njia ya kututofautisha kwa kazi, ikabidi aangalie tabia. Melini watu hukaa miezi mitatu ndani ya chuma. Wanahitaji mtu wa kucheka naye mezani. Akaniuliza, kwa upole, kama naweza kumtajia mtu mmoja pale maabara ambaye angechagua kula na mimi kila siku kwa siku tisini. Nikamtajia Falonne. Dokta akatabasamu, akasema ndiyo maana Falonne anafaa.

Kwa hiyo tulifanana kwa sababu mimi nilimfananisha. Nilimpa macho yangu, na macho yalipolingana wakapima meno, nikashindwa kwa meno.

Nilingoja wiki nzima. Nilitaka aende kwa Dokta na kusema neno moja tu, kwamba kitanda ni cha Nokuthula. Sikumwomba, wema wa kuombwa ni deni lenye aibu. Siku ya saba zikaja nguo za baridi kwa ajili ya kupimwa, suti ya rangi ya machungwa nene kama godoro, na Falonne akaivaa uani Bellevue, jua la Novemba likiwaka. Mama Masika akapiga vigelegele mpaka wapangaji wa jirani wakatoka. Palipikwa sombe, kisamvu chao, na ugali. Mimi nilipewa simu nipige picha.

Niliipiga. Ikatoka nzuri. Halafu Falonne akanivuta pembeni, amelowa jasho ndani ya ile suti, akaniambia nisiwe na wasiwasi juu yake, kule hakuna kusoma, ni kisu na mikono tu, na mikono yake ni mizuri. Akirudi atakuwa na bima, atafanyiwa macho, na mimi nitapumzika kumbeba.

"Na nitakuletea barafu ndani ya chupa," akasema, akacheka.

Maji. Ningeletewa maji ndani ya chupa.

Kabla ya meli kuondoka kuna kawaida moja. Yeyote atakayekwenda lazima apimwe kwa vijiwe ambavyo umri wake unajulikana kwa yakini: samaki waliovuliwa wadogo, wakadungwa dawa inayoacha alama kwenye kijiwe, wakafungwa kibandiko, wakaachwa waende, wakavuliwa tena miaka baadaye. Hao hawabishaniwi. Bwana mmoja huja navyo kutoka Cape Town ndani ya sanduku lenye kufuli, na wasomaji wote wawili hukaa mtihani huo, aendaye na abakiye, katika viti vile vile na kwa utaratibu ule ule wa kila siku.

Falonne hakuogopa. Kwa nini aogope? Mgongo wangu ulikuwa nyuma yake.

Sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo watu hunitafutia udhuru ambao siutaki. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza kungetosha. Angekaa pale na pete zake tatu tatu, akashindwa mwenyewe, na mimi ningebaki na mikono safi na uso wa huzuni. Wapo watu wengi wa namna hiyo, na huitwa watu wema. Mimi sikutaka ashindwe. Nilitaka nimshinde.

Tulianza saa nne asubuhi. Dokta alisimama mlangoni na yule bwana wa Cape Town. Kioo cha kwanza kilikuwa cha samaki wa miaka kumi na tisa. Nikampitishia juu ya bega, nikamuuliza juu ya wimbo wa kumi na tisa. Cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, nilimpa ukweli mtupu. Nilisikia kalamu yake ikikimbia. Alianza hata kuimbaimba chini chini.

Kioo cha saba kilikuwa cha mtoto. Kijiwe kidogo, pete pana, nane, wazi kama vidole vya mkono. Fundi wa wiki moja angezihesabu. Nikakipitisha.

"Jumapili mwimbe ule wa arobaini na nne," nikasema.

Kalamu ikasimama. Nilisikia kiti chake kikilia, kama mtu aliyetaka kugeuka akakumbuka sheria.

"Makumi ine na ine?"

"Arobaini na nne. Ule wa makaburini kwa baba."

Halafu kalamu ikaandika.

Baada ya hapo sikumrudishia hata kimoja. Wa miaka thelathini na tatu nilimpa sita. Wa kumi na mbili nilimpa arobaini na moja. Nilikwenda nikiokota namba kama anayewarushia kuku punje, na kila punje aliimeza. Vyote thelathini tukavimaliza kabla ya saa sita.

Matokeo yalisomwa pale pale, baada ya chai, watu tumesimama. Nokuthula, ishirini na tisa kati ya thelathini. Falonne, sita. Yule bwana wa Cape Town alirudia kuiangalia karatasi yake akidhani ameishika juu chini. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, inawezekanaje mtu kumpa kitoto cha miaka minane arobaini na nne. Mtu mmoja nyuma akacheka. Falonne alitazama upande wangu, na kwa macho yale sidhani aliona uso wangu. Aliona labda nyuso zangu tatu.

Dokta Brightness alimwita ndani, wakakaa nusu saa. Alipotoka alichukua mkoba wake, koti la maabara, na kikombe chake chenye picha ya jogoo. Mlinzi alimfungulia mlango na kumpa mkono.

Kesho yake nikaitwa mimi, nikaambiwa habari njema. Falonne alikuwa ameungama kwamba macho yake ni mabovu, na kwamba kwa miaka miwili alikuwa akichungulia karatasi zangu kwa siri na kunakili. Siku ya mtihani hakupata nafasi ya kuchungulia. Nokuthula hana kosa, Nokuthula hakujua. Kitanda ni changu. Niende nikapimwe suti.

Nilikipata, basi. Ningeweza kusimama, kusema asante na kwenda kupimwa suti.

Lakini nilikaa pale nikalitafuna lile neno. Hakujua. Mimi, Nokuthula, niibiwe nyuma ya mgongo wangu siku mia saba, nisijue. Niwe yule mjinga aliyeketi na mwizi akimsimulia habari za kwaya. Melini wangenicheka hata kabla ya kunijua. Na juu ya hilo, Falonne alikuwa ameninunua. Alichukua kosa lote akajifunga nalo kiunoni kama khanga, akaniacha mimi uchi wa shukrani. Maisha yangu yote ningekuwa yule aliyefichiwa.

Nikamweleza Dokta yote. Kwaya, namba, mgongo, wimbo wa arobaini na nne. Sikulia wala sikupamba. Alipouliza kwa nini nilimpa namba za uongo, nilimwambia kwa sababu angeziandika.

Dokta aliweka kikombe chini polepole. Alisema anasikitika si kwa Falonne, si kwangu. Anawasikitikia wale samaki, kwa kuwa wao tu ndio hawakudanganya. Kisha akaniambia kilichobaki kwa ile sauti ya siku ya kuzaliwa. Vijiwe elfu nne mia moja na kumi na viwili havina tena msomaji wa pili, na kwa hiyo havina msomaji. Jedwali letu litaondolewa kwenye ripoti ya mwaka huo. Kitanda cha Johannesburg kitakwenda kitupu. Mimi sitafukuzwa, kwa kuwa hana mwingine anayeweza kusoma. Nitavisoma vyote upya, kimoja kimoja, mpaka viishe, na msomaji wa pili atakuwa yeye mwenyewe, na hatutazungumza.

Meli iliondoka Desemba. Nilikuwa nimefika kioo cha mia mbili na tatu.

Bellevue habari hazihitaji robot, yaani taa za barabarani. Hupita bila kusimama. Kufika Januari mama yangu alikuwa amekwisha kuacha kuchota maji bomba likiwa na mtu. Falonne alikuwa anasuka nywele Rockey pamoja na mama yake. Husuka kwa vidole, na wateja husema anasuka vizuri. Nywele haziulizi macho. Ajira hana, bima hana, na jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu. Mama yangu Hedwiga, ambaye hajawahi kunipiga, alinitazama siku moja akimenya viazi akasema laiti angeniacha Morogoro nilime mtama.

Ndipo kikaitwa kikao. Jumapili saa tisa, baada ya ibada, kwenye chumba chetu cha mbele kwa kuwa ndicho kikubwa. Walikuwa watu wanne na mimi. Mama yangu, Mama Masika, Falonne, na Mchungaji Ezéchiel, mzee wa Bukavu mwenye suti ya kijivu na desturi ya kusafisha koo kabla ya kila sentensi. Soda ziliwekwa mezani. Kwao na kwetu desturi ni moja: aliyekosa husema, aliyekosewa husikia, soda hunyweka, na nyumba huendelea kutumia bomba moja.

Nilimwamkia mchungaji shikamoo, akaitikia. Mama Masika sikumwamkia, kwa kuwa alikuwa amegeuza uso.

Mchungaji alisafisha koo, akaeleza kwa muda mrefu habari za ndugu waliokosana katika Maandiko. Mama Masika ndiye aliyemkatiza. Alisema alinibandika dawa ya kikohozi kifuani mwaka ule tulipohamia, kwamba alinifunga nywele bure siku ya mazishi ya baba yangu, na kwamba hataki kitu kwangu ila neno. Neno moja.

"Mutoto yangu," akasema, na hakunitazama, "sema tu. Mudomo yako inajua kusema yote. Hii moja inashindwa?"

Mama yangu aliinamisha kichwa. Nikamwambia Mama Masika kwamba sitasema nisichokuwa nacho.

Falonne alikuwa amevaa miwani myeusi, mikono yake imelala juu ya magoti. Alipofungua mdomo hakuwa na ile sauti ya kucheka.

"Miye nilijua," akasema. "Ile jiwe nilijua. Hata na macho haya, mutoto wa samaki nilimuona. Ilikuwa kidogo kama punje ya muchele."

Mchungaji akamuuliza, kama alijua, kwa nini aliandika.

"Juu alisema ile ya makaburini," akasema Falonne. "Nikajiambia, Noku anaweza kucheza na yote. Hawezi kucheza na wimbo wa baba yake. Basi ni miye sioni vizuri." Akageuka kunielekea, akakosea kidogo, akamtazama mama yangu badala yangu. "Na nikuambie kitu ingine. Mbele ya ile mitihani, kitanda ulikuwa unakitaka sana. Nilikuwa najua. Sikukupa juu Dokta alisema kweli. Nani angekuvumilia myezi tatu?"

Mama Masika alipiga makofi mara moja, kofi moja kavu. Hata mchungaji alisahau kusafisha koo.

Nilicheka. Lilikuwa pigo zuri, na mimi naijua kazi nzuri nikiiona. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Falonne alikuwa amesema kitu bila kusomewa na mimi.

Mchungaji Ezéchiel akarudi kwenye njia. Aliniuliza kwa utaratibu, kwa Kiswahili cha kitabu alichokitoa kabatini kwa ajili yangu, kama nilimjua dada huyu kuwa rafiki. Nikasema ndiyo. Kama alinitendea ubaya wowote kabla ya siku ile. Nikasema alichukua alichopewa, na hakuuliza kilitoka wapi. Kama nilijua kwamba wimbo ule ndio utakaomfanya aamini. Mama yangu aliinua kichwa hapo. Nadhani alikuwa anaomba kimoyomoyo niseme sikujua. Angelishika hilo kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima.

Nikasema nilijua. Nilisema ndiyo maana niliuchagua.

Soda hazikufunguliwa. Falonne aliinuka wa kwanza, akapapasa ukingo wa meza, na mama yake akamshika kiwiko. Mchungaji alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaniambia ataacha mlango wazi. Nitakapokuwa tayari kuomba radhi, wiki hii au mwakani, nije tu.

Nikamwambia mlango aufunge, vumbi linaingia. Mimi siombi radhi.